Je, Inception imeibwa, na kwa nini tangu niitazame najiona kama niko ndotoni?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 21, niko Mombasa. Mara ya kwanza niliiona Inception, ile filamu ya Christopher Nolan ya wezi wanaoingia ndotoni mwa watu, ikiwa imetafsiriwa na DJ, naye mwishoni akatangaza kuwa jamaa 'bado yumo ndotoni'. Baadaye nikaitafuta ile ya asili, nikaitazama tena na tena. Binamu yangu anasema sinema yote imeibwa kutoka katuni ya Kijapani iitwayo Paprika, na ametuonyesha vipande vinavyofanana kabisa. Roho iliniuma, maana niliipenda sana. Nataka kujua pia ukweli wa mwisho wake: ile pia anayoizungusha jamaa kujipima kama yuko ndotoni, inaanguka au haianguki? Na la tatu naona haya kulisema. Tangu nianze kufuatilia nadharia za mashabiki nimejifunza mbinu za kuota huku unajua kwamba unaota. Naweka kengele ya saa kumi alfajiri, na mchana najipima kila mara kama niko macho: nahesabu vidole, nasoma maandishi mara mbili. Siku hizi kuna wakati najiona kama niko nyuma ya kioo, mikono yangu kama si yangu, hasa usiku. Je, nimejiharibu akili? Na mbona Mombasa ya kwenye hiyo sinema siitambui?"

Marahaba, mwanangu. Umelificha la muhimu katikati ya maswali ya sinema, kwa hiyo nitaanza nalo. Mimi ni mwalimu wa filamu, si daktari, lakini huwezi kufundisha sinema za ndoto kwa miaka mingi bila kulazimika kusoma habari za usingizi, na haya unayoyaeleza si mageni kwangu. Wanafunzi wameniletea mara kadhaa.

Soma tena ulivyoandika: "kama niko nyuma ya kioo", "kama si yangu". Hilo neno "kama" lina uzito mkubwa. Mtu aliyepotewa na uhalisia hasemi "kama". Yeye ana uhakika kwamba mikono si yake. Wewe unajua ni yako, ila hisia ya kuimiliki imefifia kwa muda. Hali hii huwapata watu wengi wazima kabisa wakikosa usingizi, wakiwa na wasiwasi mwingi, au wakitumia vitu vinavyouchezea ubongo. Hukusema kama unatafuna miraa au muguka, au kama unavuta bangi, nami sikulazimishi uniambie. Ila jua kwamba miraa na muguka hufukuza usingizi, na bangi inaweza kuleta hisia hiyohiyo ya kioo. Kama vimo, jibu limeanza kuonekana.

Sasa angalia unachoufanyia mwili wako. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90 hivi, na sehemu yenye ndoto nyingi hurefuka kadiri asubuhi inavyokaribia. Kengele yako ya saa kumi alfajiri inakukata hapo hasa. Usiku mmoja si neno. Ukirudia wiki baada ya wiki, unauanza mchana ukiwa na deni la usingizi, na ubongo wenye deni hilo huuona ulimwengu umefifia na uko mbali. Kisha juu ya deni hilo unaongeza kujipima. Kila unapohesabu vidole unajifundisha kwamba kuwa macho ni jambo la kutiliwa shaka. Kipimo chenyewe ndicho kinachoilisha shaka. Unapata jibu kwamba uko macho, unatulia kwa dakika tano, kisha unataka jibu jipya.

Kuna jambo jingine ambalo nadharia za mtandaoni hulipotosha. Kuota huku unajua unaota ni kweli kupo. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford alilithibitisha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika usingizi wa ndoto mwili hulegea lakini macho huendelea kusogea, basi waotaji wake walikubaliana naye kabla ya kulala kwamba wakijitambua ndotoni watasogeza macho kwa mpangilio maalumu, na vipimo vikaonyesha hivyo. Lakini alipowaambia wahesabu sekunde kumi ndani ya ndoto, muda ulitoka karibu sawa na wa saa ya ukutani. Ule mkataba wa sinema, kwamba dakika tano za huku ni saa nzima ya kule, na ukishuka chini zaidi unapata miaka, umebuniwa na mwandishi. Hakuna miaka kumi inayokusubiri alfajiri. Nalisema hili kwa sababu najua wengi wanaoharibu usingizi wao wanaitafuta miaka hiyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Zima hiyo kengele. Acha vipimo vyote kwa wiki kadhaa, hata pale mkono unapowasha kuhesabu vidole. Lala mapema na uache nadharia za mashabiki zikusubiri mchana. Hisia ya kioo ikija, usibishane nayo wala usiichunguze. Shika kazi ya mikono, ongea na mtu, nawa uso, toka nje utembee. Ikiwa chanzo chake ni usingizi, itapungua yenyewe.

Lakini usiishie kwangu ukiona inakaa siku nzima nzima bila kukuachia, au masomo na kazi vinakushinda, au unasikia sauti ambazo wenzako hawasikii, au lile "kama" limeanza kuondoka na uhakika unaingia. Hapo nenda hospitali, umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, bila kuficha ulichotumia. Na iwapo wakati wowote utajiwa na wazo kwamba kujidhuru au kufa ndiyo njia ya kuamka, usilale nalo hata usiku mmoja. Mwambie mzazi au huyo binamu yako saa ileile, usikae peke yako, na mwende pamoja hospitali kwenye kitengo cha dharura. Umeitazama filamu mara nyingi, unajua yaliyompata Mal, mke wa mhusika mkuu Cobb, aliyekufa akiamini kwamba kufa ni kuamka. Wapo mashabiki wanaomsifu eti ndiye pekee aliyeijua kweli. Mimi kila nikiitazama namwona mwanamke mgonjwa aliyehitaji kusaidiwa, na mume aliyelipanda wazo lile kichwani mwake akashindwa kuling'oa. Nolan hakumwandika kama shujaa wa kuigwa.

Wala wewe si wa kwanza kushikwa na shaka hii. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameisimulia katika kitabu chake cha wasifu, al-Munqidh min al-Dalal. Alianza kwa kuzitilia shaka hisi zake, kisha akili yake, mwisho akajiuliza: usingizini tunayaamini mambo, tukiamka tunaona hayakuwa na msingi, tutajuaje kwamba huku kuwa macho nako hakuna kuamka kwingine juu yake? Anasema ugonjwa ule ulimkaa karibu miezi miwili. Na hakupona kwa kupata hoja. Alikiri kwamba hoja haikuwezekana, kwa sababu kila hoja ingehitaji kusimama juu ya kile kile alichokitilia shaka. Anasema alipona kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Msomi wa kiwango kile, na bado hakuna kipimo cha vidole kilichomtoa humo.

Sasa tuingie kwenye pia.

Mashabiki wamebishana tangu Julai 2010, na wengi wanaanza na kosa moja: wanaidhani pia ni mashine ya ukweli. Rudi kwenye maelezo ya filamu yenyewe. Arthur, msaidizi wa Cobb, ana dadu iliyotiwa uzito upande mmoja, na anamwambia Ariadne, mwenzao mpya, kwamba totemu, yaani kifaa kidogo cha kujipimia, humhakikishia mwenyewe jambo moja tu, kwamba hayumo katika ndoto ya mtu mwingine. Ndiyo maana hairuhusiwi mtu mwingine kuigusa. Juu ya ndoto yako wewe mwenyewe, totemu haitoi ahadi yoyote. Isitoshe, pia ile haikuwa ya Cobb tangu mwanzo. Ilikuwa ya Mal. Kwa hiyo hata kama Nolan angetuachia sekunde kumi zaidi tukaiona ikianguka, kisheria kesi isingeisha.

Walio makini wameacha kuitazama pia, wanatafuta ushahidi kwingine. Wengine wanaangalia pete ya ndoa: Cobb anaonekana nayo ndotoni, na katika matukio ya kuwa macho hanayo. Mwishoni hanayo. Wengine wanaangalia watoto. Kwa haraka unadhani ni walewale wa kwenye kumbukumbu zake, wamevaa vilevile, lakini majina ya waigizaji mwishoni yanaonyesha watoto wa umri mbili tofauti, wadogo wa kumbukumbu na wakubwa kidogo wa mwisho, na mbunifu wa mavazi Jeffrey Kurland ameeleza kwamba hata nguo si zilezile. Michael Caine, mmoja wa waigizaji, naye alisimulia mwaka 2018 kwamba alimwuliza Nolan ipi ni ndoto na ipi si ndoto, akajibiwa kwamba akiwa yeye Caine yumo kwenye onyesho, basi ni kweli. Na pale mwisho yumo.

Upande wa pili wana hoja yao nzuri, nayo inaanzia kwenu. Cobb anakwenda Mombasa kumtafuta Eames, mwenzake wa kazi, kisha wanamfuata Yusuf, mtaalamu wa dawa. Kwenye chumba cha chini kuna watu wamelala wamejipanga, wanaokuja kila siku kwa Yusuf kuota pamoja, na mzee mmoja anaeleza kwamba hawaji kulala. Wanakuja kuamshwa, kwa sababu ndoto imekuwa ndiyo uhalisia wao. Cobb anaijaribu dawa ile, anazinduka kwa hofu, anakimbilia msalani, anaizungusha pia, nayo inamponyoka. Saito, tajiri aliyewapa kazi, anaingia. Kipimo hakimaliziki. Mwenye kuamini kwamba yote yanayofuata ni ndoto anashika hapo, na sioni namna ya kumpokonya. Ongeza na vile alivyokimbizwa vichochoroni hadi kuta mbili zikambana, kama ndoto ya homa, na Mal baadaye anamwuliza: unaona ni kawaida kweli mtu kukimbizwa dunia nzima na makampuni yasiyo na sura?

Mombasa ile huitambui kwa sababu si Mombasa. Ilipigwa Tangier, Morocco. Ndiyo maana ukaona vichochoro na masoko, lakini macho yako ya mwenyeji yakakataa. Watu wa kwetu wana haki ya kulalamika. Jina la mji limechukuliwa, uso wake umeachwa. Ila hili ni swali la heshima na la gharama za uzalishaji, halina siri ya nadharia ndani yake, ingawa nimesoma mashabiki waliojaribu kuifanya siri.

Mimi naegemea kwamba Cobb yuko macho mwishoni, kwa sababu ya watoto zaidi kuliko pete. Lakini DJ wako hakukutendea haki alipokata shauri kwa niaba yako, na ningesema hivyohivyo hata angetangaza kwamba jamaa ameamka. Angalia nani anaitazama ile pia. Cobb anaizungusha mezani, watoto wanageuka, na yeye anaondoka. Kwa mara ya kwanza katika filamu nzima hasubiri matokeo. Mwanzoni, hotelini Tokyo, alikuwa amekaa na bastola mkononi akisubiri ianguke. Kamera ndiyo inayobaki mezani, yaani mimi na wewe. Nolan alipozungumza na wahitimu wa Princeton mwaka 2015 alilisema hili: Cobb alikuwa na watoto wake, katika uhalisia wake mwenyewe, na hakujali tena. Kwangu mimi huo ndio mwisho wa filamu. Kukatwa kwa picha ni mbinu ya kutufanya tuhisi kiu ambayo mwenzetu ameshaiacha. Ukumbi mzima unapiga kelele kwa sababu unataka kujua pia itafanyaje, huku mwenye pia ameshatoka nayo akilini.

Nakuomba uliweke hilo karibu na vile vidole vyako.

Tuje kwa binamu yako. Ana jicho zuri, na vipande alivyowaonyesha najua ni vipi. Upo ujia unaopinda na kumyumbisha mtu ndani yake. Ipo lifti ambayo kila ghorofa ni ndoto au kumbukumbu nyingine. Upo mguso wa mkono unaolivunja eneo zima kama kioo. Vyote vimo katika Paprika ya Satoshi Kon, iliyotoka mwaka 2006 kutokana na riwaya ya Yasutaka Tsutsui ya mwaka 1993, na vyote vina ndugu zao ndani ya Inception. Mtu akikana ufanano huo anakana macho yake.

Lakini ufanano wa picha ni kitu kimoja na wizi wa sinema nzima ni kitu kingine. Nolan alikuwa ameshaandika muhtasari wa kurasa kama 80 na kuupeleka Warner Bros. mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla Paprika haijatoka. Wazo la kuingia katika ndoto ya mtu halikuwa la Kon peke yake pia. Filamu ya Marekani Dreamscape ililitumia mwaka 1984. Na kama binamu yako anatafuta hadithi iliyo karibu zaidi kwa mpango wake, aisome hadithi ya picha za kuchorwa ya Don Rosa ya mwaka 2002, ambamo wezi wanaingia ndotoni mwa tajiri Scrooge McDuck kuiba namba za kufungulia hazina yake. Hiyo inakaribia njama ya Inception kuliko Paprika yote.

Tuchukue ule ujia, maana hapo ndipo kazi inapoonekana. Kwa Kon, sakafu na kuta zinajikunja kama kitambaa kwa sababu akili ya mpelelezi Konakawa ina jambo inalolikimbia. Haihitajiki sababu nyingine. Kalamu ya mchoraji inaweza kufanya chochote. Kwa Nolan, ujia unazunguka kwa sababu katika ndoto ya juu gari lenye waotaji linabingirika, na uzito unapotea kwa sababu gari limeshaanza kuanguka kutoka darajani. Kila mtikisiko una chanzo unachoweza kukifuatilia kama fundi. Tena walijenga ujia wa kweli wa mita 30 hivi huko Cardington, Uingereza, wakauzungusha mzima huku Joseph Gordon-Levitt, anayeigiza Arthur, akipigana ndani. Nolan ameeleza kwamba hilo linatoka kwa Stanley Kubrick, aliyejenga chumba kikubwa cha kuzunguka kwa ajili ya 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968. Ngome ya theluji ni shukrani yake kwa filamu ya James Bond ya mwaka 1969, On Her Majesty's Secret Service. Ngazi zisizo na mwisho zinatoka kwa Lionel na Roger Penrose waliozichapisha mwaka 1958, na kwa mchoro wa M. C. Escher wa mwaka 1960. Na kuhusu ndoto ndani ya ndoto amemtaja mara nyingi Jorge Luis Borges, Mwajentina aliyeandika kisa cha mtu anayemwumba mwingine kwa kumwota, kisha anagundua kwamba na yeye anaotwa. Na kisa kingine cha mwandishi wa Prague anayepewa mwaka mzima kati ya amri ya kufyatua na risasi kufika. Hiki cha pili ndicho kinachonikumbusha zaidi lile gari linaloanguka polepole.

Wewe ni mtu wa pwani, kwa hiyo jambo hili umelikuta nyumbani. Mshairi wa takhmisi huchukua beti za mwenziwe, hata aliyemtangulia kwa karne, na kila mishororo miwili anaitangulizia mitatu yake. Sayyid Abdallah bin Nasir alifanya hivyo kwa maneno ya Liyongo, na hakuna anayemwita mwizi, kwa sababu ya Liyongo yanabaki yakionekana na ya kwake yanaonekana. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa sinema. Nikiondoa kila kilichoazimwa, je, kinabaki kitu? Ndani ya Inception kinabaki mpango wa daraja tatu za ndoto zinazokwenda kwa mwendo tofauti, ukikatwa na kuunganishwa ili vyote vifike kilele pamoja. Kinabaki pia kile alichofanya mtunzi wa muziki wake Hans Zimmer, aliyeuvuta mwanzo wa wimbo wa Edith Piaf, "Non, je ne regrette rien", hadi ukawa ngurumo ya matarumbeta. Wimbo ambao wahusika wanautumia kuamshana, ukisikika kwa masikio ya mtu aliye chini kabisa, ambako muda umerefuka. Mashabiki waligundua hilo muda mfupi baada ya filamu kutoka, na ni ugunduzi bora kuliko nadharia kumi za pia.

Pale ninapokubaliana na binamu yako ni juu ya shukrani. Mchango wa Kon ulistahili kutajwa kwa sauti kubwa zaidi mwaka ule. Alifariki tarehe 24 Agosti 2010, akiwa na miaka 46, wiki chache baada ya Inception kuanza kuonyeshwa, na watazamaji wengi hawakujua kwamba wamempoteza mtu. Walioijua Paprika wakapaza sauti, wengine kwa hasira, na hasira ile naielewa: ilikuwa namna ya kusema kwamba mtu wao asisahauliwe. Neno "wizi" lilikuwa la kupita kiasi. Msukumo wa nyuma yake ulikuwa wa haki.

Basi itazame Paprika nzima, usitosheke na vipande vya kulinganisha. Ni ya dakika 90 tu. Utakuta ndani yake kitu ambacho Nolan hakukijaribu hata kidogo: lile gwaride la vyura wapiga ngoma, majokofu na wanasesere linalomeza mji, ndoto isiyo na mpangilio wala adabu, kama ndoto za kweli zilivyo. Ndoto za Nolan ni safi mno, zina mpango kama ramani ya jengo. Huo ndio udhaifu wake mkubwa, na ni Kon anayeuonyesha. Itazame mchana, umkaribishe binamu yako, na uianze baada ya kulala vizuri wiki mbili tatu. Ikiwa kile kioo bado kipo wakati huo, daktari kwanza, sinema baadaye.